Tartaglia: Yatima Aliyewafundisha Wapiga Mizinga

Mwezi Februari mwaka 1512, majeshi ya Ufaransa yaliuteka mji wa Brescia, kaskazini mwa Italia, yakaupora na kuwaua raia wengi wasio na silaha. Miongoni mwa waliokimbilia ndani ya kanisa kuu alikuwamo Niccolò, mtoto wa miaka ipatayo 12. Baba yake, tarishi wa barua, alikuwa amekwisha kufa. Askari mmoja alimkata mtoto huyo kwa upanga, akampasua taya na kaakaa. Mama yake, asiyekuwa na fedha za mganga, alimwuguza mwenyewe mpaka akapona. Hata hivyo usemi wake haukurudi sawasawa. Watu wakamwita Tartaglia, yaani mwenye kigugumizi, naye akalitumia jina hilo la dhihaka katika vitabu vyake.

Alipopelekwa kujifunza kuandika, fedha zilikwisha alipofika herufi K. Zilizobaki alijifunza peke yake. Akawa mwalimu wa hisabati mjini Verona, na baadaye Venice. Mwaka 1531 mpiga mizinga mmoja alimwuliza mzinga uinuliwe kiasi gani ili risasi yake ifike mbali kabisa. Tartaglia alijibu: nyuzi 45. Jibu hilo ni sahihi pale upinzani wa hewa usipohesabiwa. Kisha aliona haya kukamilisha elimu ya kuua watu, akayaharibu maandishi yake. Waturuki walipotishia nchi yake, ndipo alipokubali kuitoa elimu hiyo, katika kitabu cha mwaka 1537.

Mwaka 1535 alishindana na Antonio Maria Fior, kila mmoja akimpa mwenzake maswali 30. Tartaglia alikuwa amegundua siri ya milinganyo ya kipeo cha tatu, akayajibu yote kwa muda wa saa mbili. Mwaka 1539 alimfunulia Girolamo Cardano siri hiyo kwa kiapo. Mwaka 1545 Cardano aliichapisha.

Msingi wa siri hiyo ni kujua kuzidisha jumla au tofauti ya namba mbili bila kupotea. Katika kitabu chake cha mwaka 1556, Tartaglia aliweka jedwali la njia hiyo ya mkato, ambalo Waajemi na Wachina walilijua zamani kabla yake. Kwa kipeo cha pili tunapata 1, 2, 1. Kwa kipeo cha tatu 1, 3, 3, 1. Kila namba ya ndani ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Hivyo 23 mara 23 ni 20 na 3: mraba wa 20 ni 400, mara mbili ya 20 kwa 3 ni 120, mraba wa 3 ni 9, jumla 529. Anayeisahau ile 120 ya katikati hupata 409, na hesabu yake yote huharibika.

Tartaglia alifariki Venice mwaka 1557, akiwa maskini. Wapiga mizinga walikwenda kutafuta elimu kwa mtu ambaye upanga wa askari ulikuwa karibu kumwua utotoni. Kila askari na polisi anayemkuta mtoto wa raia mbele ya silaha yake na alikumbuke kanisa la Brescia. Hajui ni elimu gani iliyomo katika kichwa hicho.