Profesa Ian Donald, Daktari Aliyetazama Tumbo kwa Mwangwi

Wazazi wengi watakaosoma gazeti letu wamekwisha lala juu ya kitanda cha kipimo cha ultrasaundi wakapakwa ute wa baridi tumboni. Lakini nilipowauliza wenzangu wa Kidato cha Nne ni nani aliyekileta kipimo hicho hospitalini, hakuna aliyejua. Wawili walimtaja Röntgen, aliyegundua eksirei mwaka 1895, na hilo si jibu. Kwa hiyo nimeona vema nisimulie habari za Profesa Ian Donald.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba, 1910, huko Liskeard, Cornwall, ingawa ukoo wao ni wa Scotland. Baba yake alikuwa daktari. Jamaa yote ilihamia Afrika ya Kusini, na huko Cape Town kijana Ian alisoma lugha na muziki, wala si sayansi. (Wenzangu wa mchepuo wa sanaa wasikate tamaa!) Mwaka 1927 ugonjwa wa dondakoo uliingia nyumbani mwao. Mama yake alikufa, na baba yake naye akafariki muda mfupi baadaye. Watoto walibaki mikononi mwa mtunza nyumba wao. Kisha Ian alirudi Uingereza akasomea udaktari katika Hospitali ya St Thomas, London, akahitimu mwaka 1937.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi la anga. Siku moja ndege ilishika moto, na mabomu yamo ndani yake. Yeye aliingia akawatoa askari waliokuwamo, akatunukiwa nishani kwa ushujaa huo. Tena katika jeshi alijifunza jambo lililomfaa zaidi kuliko nishani: habari za mitambo inayotuma mawimbi na kupokea mwangwi wake, ili kutambua kitu kisichoonekana kwa macho. Mabaharia walikuwa wakitafuta manowari za chini ya bahari kwa njia hiyo.

Mwaka 1954 alifanywa Profesa wa Ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Mji ule ulikuwa na viwanda vingi vya chuma, na humo mafundi walitumia sauti isiyosikika na sikio la mtu ili kutafuta nyufa ndani ya chuma. Basi Donald alijiuliza, kama sauti yaweza kuonyesha ufa ndani ya chuma, kwa nini isionyeshe uvimbe ndani ya tumbo? Mwezi wa Julai 1955 alikwenda katika kiwanda kimoja huko Renfrew na magari mawili yaliyobeba uvimbe wa namna mbalimbali uliotolewa katika matumbo ya wagonjwa. Wenye kiwanda nao walileta pande kubwa la nyama ya ng'ombe ili kulinganisha. Natamani ningaliziona nyuso za mafundi siku ile! Lakini majaribio yalifaulu. Uvimbe wenye maji ulitoa mwangwi wa namna moja, na uvimbe wa nyama tupu ulitoa wa namna nyingine.

Baada ya hapo fundi kijana wa kampuni ya Kelvin & Hughes, jina lake Tom Brown, alisikia habari hizo akajitolea kumsaidia. Daktari John MacVicar akawa wa tatu wao. Haki itendeke: wengine walikuwa wametangulia kujaribu, kama John Wild huko Marekani. Hata hivyo madaktari wengi wa Glasgow waliicheka kazi ile.

Kicheko kilikoma kwa ajili ya bibi mmoja. Tumbo lake lilikuwa limevimba sana, naye amekonda na kudhoofika. Madaktari walikuwa wamekata shauri kwamba ana saratani ya tumbo isiyoweza kupasuliwa, na kwamba kilichobaki ni kungoja kifo. Donald aliombwa ampime kwa mtambo wake. Mwangwi ulionyesha mfuko mmoja mkubwa uliojaa maji, wenye kingo dhahiri. Haukuwa saratani, bali uvimbe wa kifuko cha mayai. Wakampasua, wakautoa, bibi akapona. Tarehe 7 Juni, 1958, Donald, MacVicar na Brown walitoa makala yao katika gazeti la madaktari liitwalo Lancet, na humo picha zile zikaonekana.

Mimi naijua thamani ya jambo hilo. Mama yangu mdogo aliumwa chini ya kitovu kwa muda wa miezi mitano, akapewa dawa za mkojo mara tatu katika zahanati moja, bila nafuu. Alipopimwa kwa ultrasaundi, ilichukua chini ya nusu saa kuona uvimbe wa maji katika kifuko cha mayai cha kulia. Sasa amerudi sokoni kwake.

Alishangaa kwa nini aliambiwa anywe maji mengi na asiende haja ndogo. Sababu ni kwamba hewa iliyomo matumboni huzuia sauti, lakini maji huipitisha. Kibofu kikijaa husukuma utumbo kando, kikawa kama dirisha la kutazamia mji wa mimba. Hila hiyo pia ni ya Donald na wenzake, nao waliigundua miaka ya 1960. Faida nyingine ni kwamba sauti haina mionzi, na hiyo ilikuwa habari kubwa, kwani mwaka 1956 Daktari Alice Stewart wa Oxford alikuwa ameonyesha kwamba eksirei za waja wazito huwaletea watoto hatari ya saratani.

Donald mwenyewe hakuwa mzima wa afya. Moyo wake ulikuwa mbovu, akapasuliwa zaidi ya mara moja, na kila mara alirudi kazini. Alishiriki kupanga Hospitali ya Queen Mother's ya Glasgow, iliyofunguliwa mwaka 1964. Alistaafu mwaka 1976, akahamia kijiji cha Paglesham, Essex, pamoja na mkewe Alix. Huko ndiko alikofariki tarehe 19 Juni, 1987.