Edward Sokoine

Edward Moringe Sokoine (Monduli, 1 Agosti 1938 – Dakawa, Morogoro, 12 Aprili 1984) alikuwa mwanasiasa wa Tanzania aliyekuwa Waziri Mkuu mara mbili: 1977–1980 na 1983–1984.

Maisha ya awali

Sokoine alizaliwa katika jamii ya Wamasai. Baada ya masomo ya sekondari huko Umbwe, Kilimanjaro, alijiunga na TANU mwaka 1961. Alisomea utawala nchini Ujerumani, akarudi kufanya kazi ya uongozi katika wilaya ya Wamasai. Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mbunge. Alikuwa naibu waziri tangu 1967, na mwaka 1972 akawa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa.

Waziri Mkuu

Tarehe 13 Februari 1977 Rais Julius Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu badala ya Rashidi Kawawa. Katika kipindi hicho Tanzania ilipigana vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda (1978–1979), vita vilivyoacha hazina ya nchi ikiwa dhaifu. Sokoine aliondoka madarakani mwaka 1980 kwa sababu za afya, na nafasi yake ikachukuliwa na Cleopa Msuya.

Alirudi Februari 1983, wakati sabuni, sukari na nguo zilikuwa adimu madukani. Mwaka huohuo aliongoza msako dhidi ya walanguzi na waliohodhi bidhaa, walioitwa wahujumu uchumi. Wananchi wengi waliushangilia. Hata hivyo, sheria iliyotungwa ililalamikiwa kwa sababu ilihusu pia makosa yaliyotendwa kabla yake na iliwanyima watuhumiwa haki ya kutetewa na wakili. Mwaka 1984 ilibadilishwa na sheria nyingine. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 nayo ilimtaka kila mtu mwenye uwezo afanye kazi.

Kifo

Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alikuwa akisafiri kwa gari kutoka Dodoma, kwenye kikao cha Bunge, kwenda Dar es Salaam. Huko Dakawa gari lake liligongana na gari lililoendeshwa na mkimbizi kutoka Afrika Kusini, mwanachama wa ANC, chama kilichokuwa na makazi katika eneo hilo. Nyerere mwenyewe alilitangazia taifa msiba huo kupitia redio. Uvumi kuhusu kifo hicho uliendelea kwa miaka mingi, ingawa serikali ilieleza kuwa ni ajali. Alizikwa Monduli Juu. Salim Ahmed Salim alishika nafasi yake.

Kumbukumbu

Mwaka huohuo kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kilifanywa chuo kikuu kinachojitegemea, kikaitwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA). Uwanja wa michezo wa Mbeya na hospitali ya mkoa wa Lindi pia vina jina lake.