Mary Ainsworth: mwanamke aliyejifunza akili ya mtoto mchanga kule Uganda

Kule Masisi ao Walikale, mama akienda shamba, mtoto mchanga anabakia mara nyingi na dada yake mkubwa ao na nyanya. Ni jambo la kila siku. Lakini ndani ya kichwa cha mtoto kunapita nini wakati mama anapotea machoni? Mtu aliyetafuta jibu la swali hilo karibu maisha yake yote alianzia hapa jirani, Uganda.

Mary Ainsworth alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 katika jimbo la Ohio, Marekani, akakulia Toronto, Kanada. Alisoma saikolojia, akapata udaktari mwaka 1939. Wakati wa vita ya pili ya dunia aliingia jeshi la Kanada, akafika cheo cha meja. Mwaka 1950 akaolewa, wakahamia London. Huko alifanya kazi na daktari John Bowlby, aliyekuwa anachunguza watoto waliotenganishwa na wazazi wao.

Mwaka 1954 bwana yake akapata kazi Kampala. Mary alifika bila kazi, lakini hakukubali kukaa bure. Alitafuta feza kidogo na mkalimani, akaanza kutembelea familia 26 za Waganda zenye watoto 28 ambao bado walikuwa wananyonya. Kila wiki mbili, saa mbili nzima, anaketi sebuleni na wamama, anatazama na kuandika. Hiyo ilidumu karibu miezi tisa.

Mwanzoni alitaka kuona desturi moja: siku ya kukatisha mtoto ziwa, anatumwa kwa nyanya ili asahau. Alipofika vijijini akakuta familia nyingi zimeshaiacha. Mwingine angefunga daftari na kurudi. Yeye akabakia kutazama tu, na ni hapo alipoona mambo.

Mtoto akijua kutambaa, anaondoka kwa mama, anakwenda kushika sufuria, kikapu, kiatu cha mgeni. Kisha anageuka kuangalia kama mama angali pale. Akimwona, anaendelea. Mama akisimama kutoka, mchezo unaisha, kilio kinaanza. Kumbe mtoto anajifunza dunia akiwa na mahali pa kurudia. Watoto 16 kati ya 28 walikuwa hivyo. Saba walilia sana, hata wakiwa mikononi mwa mama, na walichezea vitu kidogo tu. Watano hawakuonyesha bado kumtofautisha mama na watu wengine. Aliona tena kwamba wamama waliojua kueleza mtoto wao kwa undani, anapenda nini, analia namna gani, mara nyingi ndio waliokuwa na watoto waliotulia. Na haikuwa mama peke yake: watoto wengine walishikamana pia na baba ao nyanya.

Kwa Masisi na Walikale, ambako vita inatawanya familia kila mara, jambo hili ni zito. Mtoto wa miezi tisa aliyeachwa kwa watu asiowazoea, akakataa kucheza na kulia bila kunyamaza, hana tabia mbaya. Amekosa mtu wake wa kurudia.

Kutoka Kampala, Mary alikwenda Baltimore, Marekani, akafundisha chuo kikuu cha Johns Hopkins. Huko alichunguza familia zingine 26. Watoto wa Marekani hawakulia sana mama akitoka chumba, walizoea. Kwa hiyo akatengeneza jaribio: mama na mtoto wanaingizwa chumba kigeni chenye michezo, mgeni anaingia, mama anatoka, kisha anarudi. Jambo kubwa la kutazama ni namna mtoto anavyompokea mama akirudi. Jaribio hilo linatumiwa mpaka leo katika inchi nyingi.

Kitabu chake juu ya Uganda kilitoka mwaka 1967, miaka zaidi ya kumi kisha safari. Yeye mwenyewe hakuzaa mtoto. Alikufa tarehe 21 Machi 1999 huko Virginia, Marekani. Kati ya wale watoto 28 wa Uganda, wenye wangali hai wamepita sasa miaka 70.