Samuel Ajayi Crowther: mtoto wa vita aliyerudi akaanza upya



Wengi wetu tulipovuka ziwa kurudi nyumbani hatukukuta kile tulichoacha. Mwingine alikuta parseli imeingiliwa na watu, mwingine nyumba imebaki msingi tu, shamba limekuwa pori. Na kuna wale tuliowaacha hapa au tuliopotezana nao njiani, paka leo hatujawaona. Hapo mtu anajiuliza: Mungu alikuwa wapi? Na sasa nianzie wapi? Safari hii tunawaletea maisha ya mzee mmoja wa Nigeria aliyekufa zamani, lakini hiyo njia yetu aliipita mbele yetu.

Vita na utumwa

Ajayi alizaliwa karibu mwaka 1809 katika mji wa Osogun, kwa watu wa Yoruba. Asubuhi moja mwaka 1821, wakati akina mama walikuwa wanatayarisha chakula, waviziaji walivamia mji. Baba yake alikimbia kuwaonya watu wa nyumbani, halafu akarudi kupigana. Ajayi hakumwona tena. Yeye mwenyewe, mama yake, na dada zake wawili, mmoja bado mtoto wa mgongoni, walikamatwa kichakani wakakimbia, wakafungwa kamba za shingo. Mji ulichomwa nyuma yao. Walipofika Iseyin waligawanywa kama mali: mama na ule mtoto mdogo upande wao, Ajayi upande wake.

Alikuwa na miaka kama 12 hivi. Kwanza walimbadilisha na farasi. Halafu aliuzwa, akauzwa tena, kila mara akisogezwa karibu na bahari. Alijua kule pwani Wareno wananunua watu. Uchungu ulimzidi, usiku zaidi ya mara moja akajaribu kujinyonga kwa mshipi wake, lakini moyo haukufika. Tunasema jambo hili wazi, juu hata kati yetu wako wanaobeba mawazo kama haya na wanaona haya kuyasema. Mtu wa Mungu naye yalimpata.

Mwezi wa 4 mwaka 1822 walimpakia kwenye meli ya Wareno ku Lagos. Safari haikuenda mbali: meli za vita za Waingereza, zilizokuwa zinazuia biashara ya watumwa, ziliikamata. Na hata hapo watoto hawakufurahi. Waliona nyama ya nguruwe imetundikwa na risasi za mizinga zimepangwa, wakafikiri ni nyama na vichwa vya watu. Mtu aliyeteswa sana hata mkombozi anamwogopa. Ilichukua muda kuelewa kwamba wameokolewa.

Kuanza Sierra Leone

Mwezi wa 6 walishushwa Freetown, ku Sierra Leone, mahali Waingereza walikuwa wanaweka watumwa waliookolewa. Watu wa kabila nyingi walirundikana pale, kila mmoja na lugha yake. Sisi tulioishi mu kambi tunajua hali kama hiyo. Ajayi alipelekwa kijiji cha Bathurst, kwa wamisionari wa Kianglikana. Alijifunza useremala na kusoma, na baada ya miezi 6 tu alikuwa anasoma Agano Jipya.

Tarehe 11 mwezi wa 12 mwaka 1825 alibatizwa, akachukua jina la Samuel Crowther, jina la padri mmoja wa London. Jina la Ajayi hakulitupa. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba kulikuwa na utumwa wa namna mbili: ule wa kamba na ule wa zambi, na kwamba Mungu alimtoa katika wa kwanza ili amfikishe kutoka katika wa pili. Hakusema vita ilikuwa kitu kizuri. Alisema tu Mungu hakumwacha ndani yake.

Mwaka 1827 alikuwa kati ya wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay. Alimwoa Asano, aliyebatizwa Susan, naye pia mtoto aliyeokolewa kutoka utumwani, akawa mwalimu. Watu wawili waliopoteza jamaa zote wakafanya jamaa mpya. Mwaka 1841 alitumwa na meli za Waingereza kupanda mto Niger. Ugonjwa wa homa uliwapiga vibaya: kati ya Wazungu 145 kama 40 walikufa. Crowther alirudi mzima. Mwaka 1843 alipewa upadri kule London.

Safari ya kurudi

Sasa sikilizeni, wandugu, jambo hili linatuhusu sana. Karibu mwaka 1839, Wayoruba walioikala Freetown walianza kutamani kwao. Hawakungoja mtu awabebe. Walichangishana pesa, wakanunua meli iliyonyang'anywa wafanya biashara ya watumwa, wakapanda ndani yake kurudi. Chombo kile kile kilichokuwa kinapeleka watu utumwani, wao wakakitumia kwenda nyumbani. Wayoruba wana desturi inaitwa esusu, sawa na likelemba yetu: kila mtu anatoa, na kwa zamu mmoja anapokea yote. Njo maana hatusemi kuchangishana ni kitu kipya tulichofundishwa na mashirika. Ni nguvu ya zamani ya Waafrika.

Crowther naye alirudi na jamaa yake, akafika Badagry pwani mwezi wa 1 mwaka 1845. Walitaka kwenda Abeokuta, lakini chifu Sodeke aliyewaalika alikuwa amekufa, na njia ilikuwa na vita. Walingoja mwaka mmoja na nusu. Hawakukaa bure: walijenga, walifundisha watoto, walihubiri. Tarehe 3 mwezi wa 8 mwaka 1846 ndipo waliingia Abeokuta.

Angalieni: hapo hapakuwa Osogun. Mji wa kwao ulikuwa umeharibiwa. Abeokuta yenyewe ilikuwa mji wa wakimbizi, ulioanzishwa karibu mwaka 1830 na Waegba waliojificha chini ya jiwe kubwa la Olumo, na jina lake maana yake ni chini ya jiwe. Kurudi kwa Crowther hakukuwa kurudi kwenye mlango ule ule. Alirudi kwa watu wake, si kwa nyumba yake. Aliyemaliza miaka mingi anangoja vitu virudi kama zamani, hapa anaweza kupata jibu.

Mama

Hakukamilisha hata wiki 3 pale. Tarehe 21 mwezi huo huo, mama mmoja mzee alifika mlangoni pake. Alikuwa Afala, mama yake mzazi. Miaka 25 ilikuwa imepita. Yeye naye aliuzwa na kuuzwa tena, mwishowe binti zake walimkomboa. Habari zilimfikia kwamba mwanawe yuko hai, akaja bila kuamini sana. Walitetemeka, wakashikana mikono, wakaangaliana kimya, machozi yanatoka, maneno hayakuja.

Crowther hakwenda kumtafuta akampata kwa akili yake. Ilikuwa zawadi. Mwaka 1848 mama alibatizwa kati ya Wakristo wa kwanza wa Abeokuta, akaitwa Hana, kama mama ya Samweli wa Biblia, yule aliyemtoa mtoto wake kwa Bwana.

Lakini baba hakurudi. Imani haikumrudishia Crowther wote. Ilimpa nguvu ya kushukuru kwa aliyempata na kuendelea kumlilia asiyempata, bila moyo kuoza.

Kazi na hasara nyingine

Wale waliorudi, walioitwa Saro, hawakupokelewa na wote. Nguo zao, lugha yao na dini yao vilionekana vya kigeni. Mwaka 1849 Wakristo wa Abeokuta walifungwa na kupigwa. Crowther aliendelea. Aliamini kwamba neno la Mungu na jembe vinakwenda pamoja, njo kilimo cha pamba kikahimizwa ili watu wapate biashara nyingine badala ya kuuza wenzao. Mwaka 1851 alikwenda Uingereza akaeleza habari za utumwa mbele ya malkia Victoria mwenyewe.

Kazi yake kubwa ilikuwa kutafsiri Biblia kwa Kiyoruba. Alikaa na wazee akisikiliza methali na maneno, ili Mungu aongee na watu kama wanavyoongea nyumbani. Mwaka 1862 nyumba yake ya Lagos ikaungua moto, na karatasi alizokusanya zaidi ya miaka 10 zikaishia humo. Alikuwa na miaka zaidi ya 50. Alianza tena, na katika miaka ya 1880 Biblia nzima ilikamilika.

Tarehe 29 mwezi wa 6 mwaka 1864, katika kanisa kuu la Canterbury, ule mtoto aliyebadilishwa na farasi aliwekwa askofu, Mwafrika wa kwanza katika kanisa la Kianglikana. Aliongoza kazi ya Niger akiwa na watumishi Waafrika.

Uzee wake haukuwa mwepesi. Mwaka 1890 wamisionari vijana kutoka Ulaya walikuja, wakawashitaki watumishi wake, wakawasimamisha kazi bila kumheshimu yeye askofu wao. Mzee wa miaka 80 na zaidi alijiondoa katika ile kamati. Hakuacha kanisa, wala hakukaa kulalamika tu: alianza kupanga na makanisa ya delta ya Niger yajitegemee kwa sadaka zao wenyewe. Alikufa Lagos tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 1891, kazi hiyo haijakwisha. Mwaka uliofuata ikasimama, na mtoto wake Dandeson akawa kiongozi wake. Mjukuu wake Herbert Macaulay alikuja kuwa mmoja wa waliotangulia kudai uhuru wa Nigeria. Na mwaka 2014 askofu mkuu wa Canterbury aliomba musamaha kwa vile mzee huyu alivyotendewa.

Tunabaki na nini

Ajayi alianza kwa sifuri zaidi ya mara moja: mtoto bila wazazi, mgeni katika mji wa wakimbizi, mwandishi bila karatasi, askofu bila heshima aliyostahili. Kila mara alishika kile kilichokuwa mkononi: useremala, lugha ya mama, watu wachache wa kusali nao. Hakungoja huzuni iishe ndiyo aanze kazi. Alianza kazi huzuni ikiwa bado ndani.

Na hakuanza peke yake. Kwa hiyo, mwanachama, kabla ya mkutano wetu unaokuja, fikiria jirani aliyerudi juzi na hana mtu: yule mama mwenye watoto, yule mzee anayelala kwa watu. Mlete. Zamu ya mchango inaweza kumwanzia yeye. Na wewe ambaye bado unangoja habari za mtu wako, endelea kuuliza, endelea kuomba, na sisi tunaomba pamoja nawe.

Mungu awabariki wote.