Benjamin Franklin: Jamaa wa noti ya dola 100 aliyehesabu makosa yake kila jioni

Sura yake unaijua hata kama jina lake hulijui. Ni yule mzee mwenye nywele ndefu za pembeni na kipara juu, anayekutazama kutoka kwenye noti ya dola 100 kama mtu anayejua siri yako. Wasanii wanamwimba, watu wanapiga picha wakiwa wamemshika mkononi, na wengi wanaamini alikuwa rais wa Marekani. Hakuwa. Benjamin Franklin hakuwahi kuwa rais hata siku moja. Alikuwa mpiga chapa, na kabla ya hapo alikuwa mtoto wa mtengeneza mishumaa aliyetolewa shule akiwa na miaka 10.

Nakuletea huyu jamaa kwa sababu moja. Kila ukifungua simu unakutana na mtu anayekuambia uamke usiku wa manane, uoge maji baridi, uandike malengo kwa daftari, na eti baada ya wiki tatu utakuwa mtu mpya. Unajaribu Jumatatu. Jumatano umeshindwa. Ifikapo Ijumaa unajiona bure kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza. Sasa, hayo mambo ya ratiba na daftari Franklin aliyafanya karibu miaka 300 iliyopita. Wanaokuuzia leo wanaacha tu sehemu moja ya hadithi, na ndiyo tamu zaidi: daftari lake halikuwahi kuwa safi.

Alizaliwa Boston, Januari 1706. Babake, Josiah, alipata watoto 17 kwa wake wawili, na Benjamin ndiye alikuwa mvulana wa mwisho. Hebu piga hesabu ya karo hapo. Alisoma miaka miwili hivi tu, hesabu ikamshinda kabisa, kisha akarudishwa nyumbani kukata tambi za mishumaa na kuchemsha mafuta ya sabuni. Akiwa na miaka 12 akafungwa mkataba wa uanagenzi kwa kakake James, aliyekuwa na kiwanda cha uchapishaji. James alikuwa mkali, na mara nyingine alimpiga.

Hapo ndipo tabia ya kwanza ilipoanza, na haikuanza kwa furaha. Babake alisoma barua zake alizokuwa akibishana na rafiki mmoja, akamwambia wazi kwamba tahajia iko sawa lakini uandishi wenyewe hauna mvuto. Wewe na mimi tungenuna. Benjamin alitafuta gazeti moja la London, Spectator, lililokuwa na makala mazuri. Alikuwa akisoma makala, anaandika vidokezo vifupi vya kila sentensi, anaviweka kando siku kadhaa, halafu anajaribu kuyaandika upya makala hayo bila kuangalia. Mwishowe analinganisha na yale ya asili na kusahihisha alipokosea. Mara nyingine alivichanganya vidokezo makusudi ili ajifunze kuvipanga. Alifanya hivyo usiku baada ya kazi, au asubuhi kabla kazi haijaanza. Hakukuwa na mwalimu wala cheti. Mimi pia niliondoka chuo kabla ya kumaliza, na hiyo sehemu ndiyo iliyonifanya nianze kumfuatilia huyu mtu.

Akiwa na miaka 16 hivi aliacha nyama, akamwendea James na kumwambia ampe nusu ya pesa alizokuwa akilipa kwa chakula chake, atajipikia mwenyewe. James akakubali haraka. Kumbe hata hiyo nusu, kijana alikuwa akiigawa tena nusu na kununua vitabu. Wenzake wakienda kula, yeye anabaki kazini na kipande cha mkate, zabibu kavu na maji, anasoma. Hesabu ile iliyomwangusha shuleni aliirudia peke yake, akaimaliza.

Kuhusu kujiamini, angalia alivyoanza kuandika gazetini. Alijua kakake hawezi kuchapisha kitu cha mtoto wa nyumbani. Basi mwaka 1722 akajibadilisha kuwa mama mjane, akajiita Silence Dogood, na kusukuma barua chini ya mlango wa kiwanda usiku. Asubuhi akawa amesimama pale pale akiwasikia James na marafiki zake wakisifu barua ile na kukisia ni msomi gani mjini aliyeiandika. Barua 14 zilitoka hivyo. Sijui kama kuna dawa ya kujidharau inayoshinda kusikia kazi yako ikisifiwa na watu wasiojua ni yako.

Mwaka uliofuata akatoroka. Alifika Philadelphia akiwa na miaka 17, mchafu, mifuko ya koti imejaa soksi na mashati, na vijisenti tu. Akanunua mikate mitatu mikubwa, akabana mmoja kila kwapa na kutafuna wa tatu akitembea barabarani. Msichana mmoja, Deborah Read, alikuwa amesimama mlangoni kwao akamwona na kumcheka moyoni. Baadaye ndiye akawa mke wake.

Kabla ya ndoa hiyo kulikuwa na kichapo cha maisha. Gavana wa Pennsylvania alimwahidi kumfungulia kiwanda, akamtuma London kununua mitambo, akamwahidi na barua za kumdhamini. Meli ilipotia nanga Desemba 1724, hakukuwa na barua hata moja. Mkubwa alikuwa amempiga porojo tu. Kijana wa miaka 18, ng'ambo ya bahari, bila nauli. Akatafuta kazi kwenye viwanda vya wapiga chapa. Huko wenzake walikuwa wakinywa bia tangu kabla ya kiamshakinywa hadi jioni wakiamini ndiyo nguvu ya kazi, nao wakamcheka kwa kunywa maji. Yeye alibeba sahani za herufi mbili kwa ngazi, moja kila mkono, ilhali wao walibeba moja kwa mikono miwili. Siku moja akaogelea mto Thames kutoka Chelsea hadi Blackfriars akifanya mbwembwe majini, watu wakitazama.

Sasa tufike kwenye daftari.

Alirudi Philadelphia mwaka 1726, akafungua kiwanda chake miaka miwili baadaye, na miaka michache kuelekea 1730 na baada yake akajiwekea mradi ambao mwenyewe alikuja kuucheka: awe mtu asiye na kosa. Aliandika tabia 12 alizozitaka. Kiasi katika kula na kunywa, kunyamaza pasipo na la maana, utaratibu, kutimiza alichoazimia, kutofuja pesa, bidii, na nyingine za aina hiyo. Akamwonyesha rafiki. Rafiki, kwa upole, akamwambia watu wanamwona ana maringo, kwamba katika mazungumzo hatosheki kuwa sahihi bali lazima amkanyage mwenzake. Akatoa mifano. Franklin akaongeza ya 13: unyenyekevu.

Kijitabu kilikuwa na ukurasa kwa kila tabia, mistari ya wino mwekundu, safu saba za siku za wiki. Jioni anapiga doa jeusi mahali alipokosea. Lakini, na hapa ndipo wengi wetu huharibu, hakujaribu zote 13 kwa mpigo. Wiki moja, tabia moja. Aliilinda hiyo tu, zingine akaziacha zijiendee huku akiandika madoa yake. Wiki ya pili anahamia inayofuata. Wiki 13 zikiisha anaanza upya, na mwaka mzima unatosha mizunguko minne.

Ratiba yake ya siku pia aliiandika humo. Kuamka saa kumi na moja alfajiri, na kulala saa nne usiku. Piga hesabu uone: saa saba za usingizi. Huyu hakuwa mtu wa kujisifu kwamba halali. Saa sita hadi saa nane mchana alikuwa akila, akisoma na kuangalia hesabu za pesa. Jioni ilikuwa ya kurudisha vitu mahali pake, chakula, muziki na soga. Asubuhi alijiuliza atafanya jema gani siku hiyo, usiku akajiuliza amelifanya lipi.

Madoa yalikuwa mengi kuliko alivyotarajia. Alifuta ya zamani ili aandike mapya, akafuta tena, hadi karatasi zikatoboka. Ikabidi ahamie kwenye vibao vyembamba vya pembe za ndovu, ambapo aliandika kwa penseli na kupangusa kwa sponji yenye maji. Utaratibu ndio uliomtesa zaidi. Kazi ya mpiga chapa ilimlazimu kupokea wateja wakati wowote, na karatasi zake zilizagaa kila mahali. Kumbukumbu yake ilikuwa nzuri, kwa hivyo hakuona uchungu wa kutopanga vitu hadi uzee ulipomfikia. Alikaribia kuacha kabisa. Baadaye alipunguza mizunguko ikawa mmoja kwa mwaka, kisha mmoja kwa miaka kadhaa. Kijitabu, hata hivyo, hakukiacha nyumbani.

Tabia iliyomlipa zaidi ni ile aliyoongezewa na rafiki. Aliacha maneno ya kufungia mlango, kama vile hakika na bila shaka, akaanza kusema kwamba anavyoona yeye, au kwa sasa inaonekana hivi. Mtu akikosea mbele yake, alianza kwa kukubali kwamba katika hali fulani maoni hayo yangekuwa sawa. Mazungumzo yakawa matamu na ubishi ukapungua. Alikiri kwamba unyenyekevu wenyewe huenda hakuupata, aliupata tu kwa nje. Nampenda kwa kukiri hilo. Ukidhani kujiamini ni kuongea kwa sauti ya juu kwenye kila mjadala, jaribu hii kwa wiki moja na watu wa kwenu.

Halafu kuna hadithi ya adui. Alipokuwa karani wa bunge la Pennsylvania, mbunge mmoja tajiri alisimama kumpinga. Franklin hakumbembeleza, hakumtusi. Alisikia bwana huyo ana kitabu adimu, akamwandikia akiomba kukiazima. Kitabu kikaja mara moja, akakirudisha baada ya wiki moja hivi na shukrani. Walipokutana tena, yule bwana akaanza kumsalimu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla, na urafiki ukadumu hadi kifo. Sisi tumezoea kudhani ni lazima umfanyie mtu fadhila ndipo akupende. Huyu aliomba yeye.

Mwaka 1748, akiwa na miaka 42, alijiondoa kwenye kazi ya kila siku ya uchapishaji akiwa na pesa za kutosha. Mambo ya umeme, kishada na radi, na kile chuma cha kukinga nyumba yalifuata. Ninayapita kwa sababu shule imekufundisha. Nataka tusimame London, 29 Januari 1774. Waliomwita ni wakuu wa serikali ya Uingereza, kwa sababu ya barua za siri za gavana alizozituma Marekani. Wakili wa serikali akamchambua hadharani karibu saa nzima, akimwita kila jina baya, mabwana wa heshima wakicheka na kupiga makofi. Franklin alikuwa na miaka 68. Alisimama wima, uso haukubadilika, hakujibu neno. Kunyamaza ilikuwa ya pili kwenye orodha yake, na alikuwa ameifanyia mazoezi miaka mingi.

Usimfanye malaika lakini. Alimiliki watumwa, na gazeti lake lilichapisha matangazo ya kuwauza. Kwenye orodha ya tabia 13 kulikuwa na haki, na kwa miaka mingi doa hilo hakuliona. Uzeeni alibadilika: mwaka 1787 akawa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa, na Februari 1790 alitia sahihi ombi kwa Bunge la Marekani likomeshe utumwa. Aprili akafa, na miaka 84. Deborah, aliyeogopa bahari, alimsubiri miaka kumi ya mwisho ya maisha yake bila kumwona, akafa Desemba 1774 mume akiwa London. Mwanawe William alisimama na mfalme wakati wa vita vya uhuru, na hawakupatana tena. Kijitabu hakikuwa na safu ya hayo.

Sehemu kuhusu daftari aliiandika mwaka 1784 akiwa karibu na Paris, na miaka 78, akisema kwamba hakufikia hata karibu na ukamilifu aliotaka, ila kujaribu kulimfanya mtu bora na mwenye furaha zaidi. Miaka sita kabla ya hapo, John Adams alikuwa amefika huko huko kumsaidia kazi ya ubalozi. Adams alikuwa mtu wa kupanga vitu. Alikuta hesabu za pesa hazieleweki, barua hazina daftari, na Franklin karibu kila siku amealikwa chakula mahali. Ikabidi Adams aketi kuzipanga zile karatasi mwenyewe, huku akilalamika kwenye shajara yake.