Mwenyeheri Solanus Casey: padre aliyewekwa mlangoni



Wapendwa vijana, Novemba ikifika wenzetu wa Marekani wanajiandaa na Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya mwezi huu. Ni sikukuu ya familia. Watu wanasafiri kurudi nyumbani, bata mzinga anawekwa mezani, na Mungu anashukuriwa kwa mema ya mwaka. Lakini sikukuu ya familia ina upande wake mwingine. Asiye na mtu siku hiyo anaumia mara mbili: hana chakula, na hana wa kumuuliza kama amekula. Ndiyo maana parokia nyingi kule hupika siku hizo kwa ajili ya wenye njaa na wapweke. Leo nawasimulia habari za padre mmoja aliyeifanya kazi hiyo sikukuu na siku za kawaida.

Alizaliwa tarehe 25 Novemba 1870, shambani, jimbo la Wisconsin. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, na yeye alikuwa mtoto wa sita kati ya kumi na sita. Akabatizwa Bernard. Akiwa mdogo ugonjwa wa dondakoo uliwaua ndugu zake wawili. Yeye alipona, ila sauti yake ilibaki nyembamba na dhaifu maisha yake yote.

Ujana wake ulikuwa wa kuhangaika na vibarua, kama wengi wetu tunavyoujua. Alifanya kazi ya mbao, akawa askari magereza, kisha akaendesha tramu mjini Superior. Akiwa kwenye tramu hiyo alikuta relini baharia mlevi amemshambulia mwanamke kwa kisu. Tukio hilo halikumtoka moyoni. Aliwaombea wote wawili, yule mama na yule mlevi, halafu akaanza kujiuliza dunia ya namna hii inamhitaji yeye awe nani.

Akaingia seminari ya Milwaukee akiwa na miaka 21, darasani pamoja na vijana wadogo zaidi. Masomo yalikuwa kwa Kijerumani na Kilatini, naye lugha hizo zilimshinda. Baada ya miaka kadhaa akaambiwa kwamba upadre wa jimbo hautawezekana. Mkesha wa Noeli 1896 akafika kwa Wakapuchini wa Detroit, wakampa jina Solanus. Huko nako, Kijerumani na Kilatini vilevile! Wakubwa wake hawakuwa na shaka na utakatifu wake, shaka ilikuwa kwenye alama. Mwaka 1901 alitia sahihi tamko kwamba atapokea uamuzi wowote watakaoutoa juu yake. Tarehe 24 Julai 1904 akapewa daraja ya upadre, lakini kwa masharti: ataadhimisha Misa tu. Kuungamisha, hapana. Kuhubiri mafundisho ya imani, hapana.

Hebu fikiria hapo. Mimi ni frateri, nimemaliza falsafa na naelekea teolojia. Najua tunavyoziota hizo siku: kiti cha kitubio, mimbari, watu wamekaa wanakusikiliza. Mwenzetu huyu alinyimwa vyote viwili, na hakurudishiwa hadi anakufa. Wakapuchini hawakujua wamfanyie nini, basi wakampa kazi ya sakristia na ya ubawabu, yaani kufungua mlango kengele ikilia. Akaifanya New York miaka ishirini, na kuanzia 1924 akaifanya Detroit, kwenye konventi ya Mtakatifu Bonaventura.

Kumbe mlango ndio ulikuwa parokia yake. Aliyekuja alikaribishwa kiti na kusikilizwa mpaka amalize. Wagonjwa, wajane, walevi, wasio Wakatoliki, wote walipita pale. Foleni ikawa ndefu, na padre hakuwa anaangalia saa. Wengi walisema kwamba waliponywa kwa sala zake. Yeye alipeleka sifa zote kwa Mungu na kwa Misa zilizokuwa zikitolewa kwa nia za watu hao.

Mwisho wa Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka. Detroit, mji wa viwanda vya magari, ukaumia vibaya. Wanaume waliokuwa na mishahara wakaanza kugonga mlango wa Solanus wakiomba mkate. Mwanzoni mwa Novemba, wiki chache tu kabla ya Siku ya Shukrani, Wakapuchini na Wafransisko walei wakaanzisha jiko la supu. Foleni ikapita watu elfu moja kwa siku. Solanus alikwenda na wenzake kwa wakulima kuomba mboga, kisha akarudi kugawa. Wakapuchini wanasimulia kwamba siku moja mkate uliisha na mamia bado wamesimama. Solanus akawaalika wasali Baba Yetu, na kabla hawajatawanyika likafika gari la mkate.

Muujiza huo ni mzuri, lakini mimi kinachonisumbua zaidi ni mazoea yake mengine. Aliyemletea shida aliambiwa amshukuru Mungu mapema, kabla hajaona jibu. Tena ashukuru kwa tendo: arudi kwenye sakramenti, apatane na mwenzake, amsaidie maskini. Kichwa changu cha falsafa kinagoma hapo. Akili inasema upewe kwanza, ndipo ushukuru. Hata sisi tukifaulu mtihani ndipo tunatoa Misa ya shukrani. Lakini ukishukuru baada tu, shukrani inageuka risiti. Solanus alishukuru kwa sababu alimwamini Mtoaji, na anayeamini hivyo hahitaji kungoja ashibe ndipo afungue mlango. Wale walioanzisha jiko 1929 hawakujua kesho watapata wapi mkate. Walifungua hivyohivyo.

Solanus alifariki Detroit tarehe 31 Julai 1957. Watu wapatao 20,000 walipita kumuaga. Tarehe 18 Novemba 2017, siku chache kabla ya Siku ya Shukrani, alitangazwa Mwenyeheri mjini humo, uwanja wa mpira ukiwa umejaa. Na lile jiko bado linalisha watu hadi leo.

Rafiki yangu, labda unangoja ajira, mtaji au majibu ya chuo ndipo uanze kusaidia. Wiki hii usingoje. Yupo bibi au babu mtaani kwako anayeishi peke yake, ambaye watu huingia kwake zamu ya jumuiya ikifika tu, wakisali na kuondoka. Mpelekee unachokula wewe. Ukifika, kaa, kula naye, msikilize mpaka amalize. Hiyo ndiyo shukrani ya mapema, na hakuna daraja wala shahada inayohitajika.

Mwenyeheri Solanus Casey, utuombee.