Honus Wagner: Mchezaji aliyeikatalia picha yake kampuni ya sigara

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Agosti 2022, kadi ya karatasi ngumu yenye urefu wa takriban sentimita 6.7 na upana wa sentimita 3.7 iliuzwa nchini Marekani kwa dola milioni 7.25. Kadi hiyo haina dhahabu wala kito. Ina picha ya rangi ya kijana mwenye nywele zilizochanwa katikati na kola ya jezi shingoni, na chini yake limeandikwa jina Wagner na jina la mji wa Pittsburg, bila herufi ya mwisho kama ulivyoandikwa wakati huo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita kadi kama hiyo ilitolewa bure ndani ya pakiti ya sigara.

Mtu aliye kwenye picha ni Johannes Peter Wagner, ambaye Wamarekani walimfahamu kwa jina la Honus. Alikuwa mchezaji wa besiboli, mchezo ambao mpigaji huusukuma mpira kwa rungu kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne kabla wapinzani hawajamtoa. Wagner alifariki mwaka 1955 na hakupata hata senti moja kutokana na bei hizi. Hata hivyo, bei hizo zimetokana kwa kiasi kikubwa na uamuzi wake mwenyewe, na maisha yake yana mafunzo kwa yeyote anayeishi kwa kununua na kuuza.

Mtoto wa mchimba makaa

Wagner alizaliwa Februari 24, 1874, katika eneo la Chartiers, ambalo leo ni mji wa Carnegie, jirani na Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Baba yake alifanya kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe, na Honus aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12 ili kumsaidia baba na kaka zake katika kazi hiyo. Baadaye alijifunza kunyoa nywele, na huenda angebaki kinyozi maisha yake yote.

Aliyemwingiza kwenye mchezo ni kaka yake Albert, aliyekuwa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1895 timu ya Albert huko Steubenville, Ohio, ilipungukiwa na mchezaji, naye akapendekeza aitwe mdogo wake. Mwaka uliofuata Honus alichukuliwa na timu ya Paterson ya New Jersey. Mwaka 1897 timu ya Louisville, iliyokuwa katika ligi kuu, ikamnunua kwa dola 2,100.

Wagner hakuwa na umbo linalotarajiwa kwa mwanamichezo. Alikuwa na kifua kipana, mikono mirefu, viganja vikubwa na miguu ya matege. Lakini alikuwa na kasi iliyowashangaza watazamaji, wakampa jina la utani la Mdachi Arukaye. Msomaji wa Kiswahili ataelewa mara moja: Wamarekani wa wakati ule waliwaita Wajerumani kwa jina lililotokana na neno Deutsch, kama watu wa pwani yetu walivyowaita Wajerumani Wadachi.

Mwishoni mwa mwaka 1899 ligi kuu ilipunguza timu kutoka 12 hadi 8, na Louisville ilikuwa miongoni mwa zilizofutwa. Mmiliki wake, Barney Dreyfuss, alipata hisa katika timu ya Pittsburgh Pirates na akahama na wachezaji wake bora. Hivyo Wagner akarudi kuchezea jirani na nyumbani kwao, na hakuondoka tena. Hata ligi mpya ya American League ilipoanza kuwanyakua wachezaji kwa fedha nyingi mwaka 1901, yeye alibaki.

Kati ya mwaka 1900 na 1911 aliongoza ligi yake kwa wastani wa upigaji mara 8. Mwaka 1909 Pirates walitwaa ubingwa wa Marekani kwa kuishinda Detroit Tigers katika mechi 7, huku Wagner akimzidi kwa mbali Ty Cobb, nyota wa upande wa pili. Hakukuwa na jina kubwa kuliko hayo mawili katika mchezo huo.

Alijua thamani ya jina lake

Wapo wanaomsimulia Wagner kama mtu mpole asiyejali fedha. Kumbukumbu za biashara yake hazionyeshi hivyo.

Septemba 1, 1905, alisaini mkataba na kiwanda cha J.F. Hillerich and Son cha Louisville, watengenezaji wa marungu ya Louisville Slugger, akaruhusu sahihi yake ichongwe kwenye marungu yanayouzwa madukani. Anatajwa kuwa mchezaji wa kwanza kuingia mkataba wa namna hiyo. Leo kila kampuni ya viatu hutafuta mwanamichezo wa kubeba jina la bidhaa yake.

Miaka mitatu baadaye, kabla ya msimu wa 1908, alitangaza kwamba anastaafu. Dreyfuss alihangaika kumshawishi, na Wagner akarejea uwanjani kwa mshahara wa dola 10,000 kwa mwaka, mara mbili ya dola 5,000 alizokuwa akilipwa. Aliyesoma hadi umri wa miaka 12 tu alikuwa amejua jambo ambalo wasomi wa uchumi hulifundisha kwa michoro: muuzaji mwenye bidhaa isiyo na mbadala ana nguvu mezani.

Kadi ya mwaka 1909

Wakati huo biashara ya sigara Marekani ilishikwa na American Tobacco Company, kampuni iliyoundwa mwaka 1890 na kuwameza wapinzani wake wengi. Mwaka 1909 ilianza kuweka kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli ndani ya pakiti. Kadi ilifanya kazi mbili: iliifanya pakiti isibonyee, na ilimvuta mnunuzi arudi kutafuta picha aliyoikosa. Watoto waliokuwa wakinunua bablishi kwa ajili ya picha iliyomo ndani wanaujua mtego huo. Hadi mwaka 1911 kampuni ilikuwa imetoa kadi za aina zaidi ya 500 katika pakiti za nembo 16.

Kadi ya Wagner ilichapishwa kwa muda mfupi kisha ikaondolewa. Inakadiriwa kwamba zilizotoka ni kati ya 50 na 200 tu, na zinazofahamika leo ni kama 60. Nyingi zina tangazo la sigara za Sweet Caporal mgongoni, na chache sana zina tangazo la Piedmont. Kadi za wachezaji wengine wa mfululizo huo bado zipo kwa maelfu.

Kwa nini iliondolewa? Gazeti la michezo la Sporting News liliandika mwaka 1912 kwamba kampuni ilimwahidi mwandishi mmoja wa Pittsburgh, John Gruber, dola 10 iwapo angempatia idhini ya Wagner. Wagner alikataa, akieleza kuwa hataki picha yake iwe kwenye sigara, lakini akamtumia Gruber hundi ya dola 10 ili asipate hasara kwa sababu yake.

Maelezo yanayopendwa zaidi ni kwamba hakutaka watoto wanunue sigara ili wapate picha yake. Wanaopinga husema kwamba yeye mwenyewe alitafuna tumbaku na kuvuta sigara kubwa, na kwamba alichokitaka ni malipo. Ukizitazama kumbukumbu zake, maelezo hayo mawili hayapingani sana. Mtu anaweza kuvuta mwenyewe na bado asipende kumvutia mtoto wa jirani. Na aliyekwisha kuuza sahihi yake kwa mkataba mwaka 1905 hawezi kufurahi jina lake likitumiwa na kampuni kubwa kwa bei ya kumlipa mpatanishi pekee. Lililo wazi ni kwamba aliukataa mkataba huo, na kampuni yenye nguvu kuliko zote katika biashara yake ikalazimika kumtii. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru kampuni hiyo ivunjwe kwa kuhodhi soko.

Maisha baada ya uwanja

Mwaka 1914 Wagner alifikisha mapigo 3,000, jambo lililofanywa na wachache mno kabla yake. Alimwoa Bessie Smith mwishoni mwa mwaka 1916, na akaacha kucheza mwaka 1917 akiwa na umri wa miaka 43. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa akiwa amefariki mwaka 1918, kisha wakapata mabinti wawili.

Biashara haikumwendea kama mchezo. Alijaribu maduka ya vifaa vya michezo jijini Pittsburgh, moja akiwa na mchezaji mwenzake Pie Traynor, lakini mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulimkuta vibaya. Mwaka 1933 Pirates walimrudisha kama kocha, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1951. Vijana wengi wa timu hiyo walijifunza kwa mzee huyu.

Heshima hakuikosa. Mwaka 1936 ulipofanyika uchaguzi wa kwanza wa Jumba la Mashujaa wa Besiboli, alikuwa miongoni mwa watano wa kwanza, akilingana kwa kura na Babe Ruth, kura 215 kila mmoja. Mwaka 1955 sanamu yake ilizinduliwa jijini Pittsburgh. Alifariki Desemba 6 mwaka huohuo mjini Carnegie, akiwa na umri wa miaka 81.

Bei yapanda

Wakati akiwa kocha, kadi yake ilikuwa imeanza kupata jina. Jefferson Burdick, mkusanyaji aliyeziorodhesha kadi za Marekani na kuzipa namba, aliutambulisha mfululizo huo kama T206. Orodha zake za miaka ya 1930 ziliipa kadi ya Wagner thamani ya dola 50, wakati kadi za kawaida zilikuwa za senti chache.

Safari ya kadi moja tu inaonyesha kilichofuata. Mwaka 1985 mfanyabiashara Bill Mastro aliinunua kwa dola 25,000, na mwaka 1987 akaiuza kwa dola 110,000. Mwaka 1991 Wayne Gretzky, nyota wa mpira wa magongo wa barafuni, na mshirika wake Bruce McNall waliipata katika mnada wa Sotheby's kwa dola 451,000. Baadaye ilinunuliwa kwa dola 500,000 na ikawa zawadi ya bahati nasibu ya maduka ya Wal-Mart. Mfanyakazi wa posta wa Florida aliishinda mwaka 1996, akalazimika kuiuza kwa sababu hakuweza kumudu kodi yake. Mnada wa Christie's ukaleta dola 641,500. Mwaka 2000 ilifika dola milioni 1.27, na mwaka 2007 dola milioni 2.8.

Hata kadi zilizochakaa zina soko. Mwaka 2010 watawa wa Kikatoliki wa Baltimore walirithi kadi ya Wagner iliyochanika na kukunjamana kutoka kwa ndugu wa mtawa mwenzao, na ikauzwa kwa zaidi ya dola 200,000.

Mkasi na mahakama

Pamoja na faida hizo, soko hili lina mitego yake. Ile kadi ya Gretzky ilipendwa kwa sababu kingo zake zilikuwa zimenyooka, na mwaka 1991 kampuni ya kupima ubora ya PSA iliipa alama 8 kati ya 10. Kwa miaka mingi kulikuwa na minong'ono kwamba kingo hizo zilikatwa. Mwaka 2013 Mastro alikiri mbele ya mahakama ya Chicago kuwa ndiye aliyezikata. Alikiri pia kwamba katika minada yake ziliwekwa zabuni za uongo ili kupandisha bei. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20.

Anayesafirisha mizigo kuvuka mpaka anajua kwamba cheti kinapima bidhaa siku ile tu kilipotolewa, na kwamba muhuri ni mzuri kadiri ya mkono ulioupiga. Mwenye kadi ya mamilioni yuko katika hali hiyohiyo.

Uchache hautengenezwi

Kupanda kwa bei za kadi za zamani kuliwavuta wengi. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, Wamarekani walinunua kadi mpya kwa makasha wakiamini zingewasomeshea watoto. Viwanda navyo vikachapisha bila kikomo. Kadi nyingi za miaka hiyo hadi leo hazirudishi hata gharama ya kuzituma kwa posta.

Kadi zilizopanda ni zile ambazo uchache wake haukupangwa na mtu aliyetaka kuziuza ghali. Kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952, iliyouzwa dola milioni 12.6 mwezi Agosti 2022, ilisaidiwa na kampuni ya Topps yenyewe, ambayo mwaka 1960 ilitupa baharini makasha ya kadi za mfululizo huo zilizokosa wanunuzi. Ya Wagner ilisaidiwa na neno hapana la mtu mmoja.

Kinyozi huyo wa Carnegie hakulisema ili kumtajirisha mkusanyaji wa karne ijayo. Alilisema kwa sababu picha ilikuwa yake, na aliona ana haki ya kuchagua ni bidhaa gani ibebe jina lake. Rungu alilikubali, sigara akaikataa.